Nafasi ya Marahaba

"Hivi wewe huna hata haya?"

Dada yake hakumsalimu. Alianzia hapo hapo.

"Kila siku unampigia baba saa sita ya usiku kumwambia aweke dawa ya macho. Saa sita ya usiku! Huku watu wamelala, yeye anaamka, anapapasa ukuta mpaka jikoni, kwa sababu mwanawe amesema. Jana kajigonga kwenye mlango wa kabati. Ana jeraha hapa juu ya nyusi. Upande wa jicho zima, unanielewa? Lile moja alilobakiwa nalo."

Fundi alikuwa amesimama kwenye korido ya ofisi, kikombe cha chai mkono mmoja, simu mkono wa pili. Fundi ni jina alilopewa na baba yake akiwa mdogo, siku alipoifungua saa ya ukutani ili aone nani anagonga mle ndani, akashindwa kuirudisha. Ofisini wakalisikia wakalichukua, wakidhani ni jina la sifa, naye hakuwasahihisha.

"Dada, mimi sija..." alianza.

Hakuwa amempigia baba yake. Tangu mzee avuke bahari kwenda kutibiwa na kupumzika kwa binti yake, Fundi hakuwa amempigia hata mara moja. Lakini alijua ni nani aliyekuwa akipiga.

"Na jambo lingine," dada aliendelea, "hata kama una kazi nyingi kiasi gani. Mzee akianza kukueleza habari zake unamkatia. 'Haya baba, siku njema,' basi, umekata. Mimi namsikia niko chumba cha pili, anaongea na simu iliyokwisha kukatika. Nikimwuliza ananiambia, mwache, ana majukumu, angalau ananikumbuka. Angalau! Umesikia neno hilo?"

Hapo ndipo mtu mzima angesema: dada, huyo si mimi, hiyo ni mashine. Maneno machache tu. Fundi aliyatafuta, akayapata, akayameza na chai.

"Nisamehe, dada. Nilisahau tofauti ya saa."

"Ulisahau? Wewe? Si ndiyo kazi yako hiyo, mambo ya saa?"

"Nitarekebisha."

"Urekebishe nini? Si upige tu mapema?"

Dada akakata simu, na Fundi akabaki kwenye korido akiuangalia ukuta kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la kuchapisha kadi na mihuri, na mchana kutwa sakafu ilitetemeka kidogo mashine za chini zikiwaka. Walikuwa watu wachache wenye kompyuta na feni moja. Kazi yao ilikuwa kuwapigia wagonjwa simu. Kliniki ya macho iliwapa majina ya watu wanaotakiwa kuweka dawa asubuhi na jioni, na programu yao iliwapigia kwa sauti iliyorekodiwa. Wanaougua presha ya macho hawasikii maumivu, kwa hiyo husahau dawa, na wakisahau sana hupofuka. Ilikuwa kazi ya maana, na Fundi aliipenda, pengine kupita kiasi.

Mwanzoni mambo hayakwenda. Sauti ilikuwa ya msichana mmoja mchangamfu, naye alisema tu, "Ni wakati wa dawa." Wazee wakakata simu. Wengine walifunga safari mpaka kliniki kulalamika: mtoto gani huyu anatuamrisha bila hata shikamoo? Basi wakaongeza shikamoo. Ikawa balaa jipya. Sauti ilisema shikamoo ikaunganisha moja kwa moja na dawa, na wazee, kwa kuwa ni watu wa adabu zao, waliitikia marahaba juu ya maelezo, wakapitwa na jicho la kulia au la kushoto. Mama mmoja aliweka dawa jicho lisilohusika kwa wiki nzima huku akiitikia salamu vizuri kabisa.

Fundi ndiye aliyeona dawa ya hilo. Alikwenda kwa baba yake akiwa na kinasa sauti, akamwamkia mara nyingi mpaka mzee akamwuliza kama ana homa, na kila mara alipima muda. Baba yake hakuishia kwenye marahaba. Alisema, "Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Basi Fundi akaacha kimya cha kutosha marahaba na hujambo, kisha sauti ikajibu, "Sijambo," kisha ndiyo ikaingia kwenye dawa. Ofisini wakakiita kimya kile nafasi ya marahaba. Wazee wakaacha kukata simu. Kliniki ikafurahi, na Fundi akaalikwa huku na kule kueleza alivyofikiria, akawa anapiga kifua bila kujificha.

Mgonjwa wa kwanza kuingizwa kwenye mpango huo mpya alikuwa baba yake. Kwake hakutumia sauti ya msichana. Alijirekodi mwenyewe.

"Baba," alimwambia, "nimekuwekea kikumbusho. Kitakuita asubuhi na jioni."

"Ahsante, mwanangu," mzee alisema.

Mzee alielewa nini katika neno hilo, Fundi hakumwuliza. Lakini tusimsingizie ujinga ambao hakuwa nao. Jumapili moja alimsindikiza baba yake duka la dawa, na mzee akamshika bega mbele ya muuza dawa akasema, "Huyu ndiye yule ninayekwambia kila siku. Asubuhi na jioni, hajakosa hata siku moja. Watoto wa siku hizi mnawasema bure." Muuza dawa akampa Fundi mkono wa pongezi. Fundi akaupokea. Akatabasamu, akaangalia viatu vyake, akasema si kitu. Na kwa kuwa sasa kulikuwa na mtu wa kumpigia mzee asubuhi na jioni, yeye mwenyewe akapunguza kupiga, mpaka simu zake za kweli zikawa za sikukuu.

Kuhusu saa, aliambiwa mapema. Ofisini kulikuwa na dada mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuipekua programu kabla haijatoka, atafute mahali pa kuharibikia. Fundi alimbatiza Bibi Kasoro, na jina likamganda. Siku moja kwenye kikao Bibi Kasoro alisema kikumbusho kinahifadhi saa tu, hakihifadhi saa ya wapi. Saa moja asubuhi ni saa moja ya hapa, ya kompyuta yetu. Simu zetu zinapita kwenye intaneti, zinamfuata mgonjwa popote. Je, mgonjwa akisafiri kwenda mbali, kule ambako wakati sisi tunaamka wao wanakwenda kulala?

"Mgonjwa wa presha ya macho asafiri aende wapi?" Fundi alimwuliza mbele ya watu. "Mwezini?"

Watu wakacheka. Bibi Kasoro naye akacheka kidogo, kicheko cha kuondoa shari. Kwenye ubao wa kazi zinazosubiri Fundi akaandika chini ya hoja yake: *Wagonjwa wetu hawasafiri.* Akaifunga. Na miezi michache baadaye akampeleka baba yake uwanja wa ndege, akambebea sanduku, akamkumbusha asizime simu akifika. Yeye mwenyewe! Wala kitu hakikumgonga kichwani.

Sasa alirudi mezani kwake na kikombe cha chai kilichopoa, uso umemshuka. Alijua la kufanya, tena alikuwa akiwafundisha wengine. Kila kikumbusho kihifadhiwe pamoja na jina la mji wa mgonjwa, na kompyuta, ambayo inazijua saa za miji yote na siku ambazo baadhi ya miji husogeza saa zake mbele au nyuma, ipige hesabu yenyewe kila siku. Si kazi kubwa. Lakini ili aifanye ilimbidi aifungue ile hoja. Ilimbidi akae kwenye kikao aseme kwamba yuko mgonjwa aliyesafiri, na watu wangeuliza ni nani.

Akainua macho. Bibi Kasoro alikuwa mezani kwake, anakula karanga moja moja na kusoma kitu kwenye skrini. Fundi alisimama aende, akafika kwenye feni, akajitia anairekebisha, akarudi kukaa.

Kisha akafanya jambo ambalo angemfokea kijana yeyote aliyelifanya. Aliingia kwenye orodha ya wagonjwa, akakitafuta kikumbusho cha baba yake, akaongeza saa saba kwa mkono. Asubuhi ya kule ikaangukia mchana wa huku, jioni ya kule ikaangukia usiku wa manane wa huku, na mambo yakakaa sawa. Alitazama kushoto na kulia kabla ya kuhifadhi, kama mwizi wa embe.

Siku mbili baadaye dada yake akamtumia ujumbe: *Afadhali. Jana na leo umepiga kwa wakati. Baba amefurahi, anasema alijua utasikia.* Fundi aliusoma ujumbe ule akiwa kwenye foleni ya benki na masikio yakamwaka. Kushukuriwa kulimuuma kuliko alivyofokewa.

Akaamua atapiga mwenyewe. Aliamua hivyo mara nyingi, na kila mara akaona ugumu mpya. Baba angeshangaa, mbona leo mara tatu? Siku moja alijikaza akapiga. Mzee alifurahi, akamwuliza habari za kazi, kisha akasema, "Basi, ile habari ya daktari niliyokueleza juzi."

Fundi akajikuna kichwa. "Ndiyo, baba. Uliniambia."

"Wewe umeonaje?"

"Nimeona... ni vizuri."

"Vizuri?" mzee akauliza. "Daktari anasema huenda wakanifungua tena jicho, wewe unaona ni vizuri?"

"Nina maana, baba, ni vizuri kwamba wanafuatilia."

"Aa," mzee alisema. "Hapo sawa. Wanafuatilia."

Alisema kwa upole, akimsaidia mwanawe kutoka shimoni, na hilo ndilo Fundi alishindwa kulisahau. Hakupiga tena. Mle kwenye simu zilizokwisha kukatika kulikuwa na maneno ya baba yake ambayo yeye alihesabiwa kuwa ameyasikia, na kila siku yaliongezeka. Aliogopa kuulizwa. Zaidi ya yote aliogopa siku ambayo mzee atajua kwamba asubuhi na jioni, miaka yote ile, alikuwa akiitikia salamu ya kinasa sauti, na kwamba mbele ya muuza dawa alijisifia kitu ambacho hakikuwepo.

Ijumaa moja Bibi Kasoro alivuta kiti akakaa karibu naye. Hakuwa na makuu, alizungumza kwa sauti ya chini.

"Kuna mgonjwa mmoja, saa zake zimehamishwa kwa mkono. Ni nani?"

"Ni majaribio tu," Fundi akasema.

"Umeongeza saa saba."

"Ndiyo."

"Ukiongeza kwa mkono, umehifadhi tofauti, hukuhifadhi mji. Kule kwenye tofauti ya saa saba wanasogeza saa zao mara mbili kwa mwaka. Wakisogeza, saba yako inakuwa sita." Alimtazama. "Unalijua hilo kuliko mimi."

"Nitakumbuka."

"Sawa," akasema, akainuka. "Wewe ndiye Fundi."

Hakulisema kwa kejeli. Fundi akatamani angelisema kwa kejeli, apate pa kujibia. Alikaa akiangalia karanga moja iliyodondoka sakafuni, na akaapa kwamba Jumatatu, Jumatatu bila kukosa, ataifungua hoja.

Jumapili mchana alikuwa sebuleni anapiga pasi mashati ya wiki nzima. Simu ikaita, dada yake. Sauti yake haikuwa ya ugomvi.

"Mdogo wangu, uko mzima?"

"Mzima, dada. Kuna nini?"

"Ni baba. Hajakaa chini tangu saa moja. Kavaa, kanyoa, kashika simu mkononi, anazunguka meza. Anasema hujawahi kuchelewa hata dakika moja, kwa hiyo lazima umepatwa na jambo. Nimemwambia, labda Fundi amechanganyikiwa, maana usiku wa kuamkia leo huku tumesogeza saa mbele. Kanikatalia. Anasema mambo ya saa hayampigi chenga Fundi. Dawa hataki kuweka mpaka ajue uko salama."

Fundi aliisimamisha pasi. Aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa nane. Kwa hesabu aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, saa nane ya huku ndiyo saa moja asubuhi ya kule. Ndivyo ilivyokuwa mpaka jana.

"Dada, chukua simu ya baba. Ile ya mkononi mwake. Izime."

"Niizime? Kwa nini?"

"Izime tu, nakuomba! Sasa hivi!"

"Wewe una nini? Ngoja, namweka baba akusikie mwenyewe, atulie. Baba! Huyu hapa Fundi, nimempata."

Akasikia viatu vikija kwenye sakafu ya mbao, haraka, kisha sauti ya baba yake ikiwa karibu sana na simu.

"Fundi! Mwanangu! Uko salama?"

"Niko salama, baba. Baba, sikiliza, hiyo simu yako..."

"Alhamdu... ngoja, ngoja kidogo. Simu inaita hapa."

"Baba, usipokee."

Lakini mzee alikuwa ameshapokea. Mkono wake ulikuwa umezoea. Na kutoka ng'ambo ya bahari, kupitia simu ya dada yake, Fundi akaisikia sauti yake mwenyewe, changa zaidi, yenye furaha ya mtu anayejaribu kitu kipya.

"Shikamoo, baba."

Kikafuata kile kimya.

"Marahaba, mwanangu," baba yake alisema, polepole. "Hujambo?"

"Sijambo. Baba, ni wakati wa dawa. Weka tone moja, jicho la kulia. Ukimaliza lifumbe kidogo. Haya baba, siku njema."

Ikakatika. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na pasi na mashati yote.

"Hee," dada yake akasema.

Baba yake alikohoa kidogo. "Fundi."

"Naam, baba."

"Mko wangapi?"

Hakuwa anatania. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Ni mashine, baba," Fundi alisema. "Ile sauti ni yangu, nilirekodi mara moja tu, siku ile niliyokuja kwako na kinasa. Mashine ndiyo inayopiga. Tangu mwanzo. Mimi sikuwa nakupigia."

"Tangu mwanzo."

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nikiongea, nani anasikia?"

"Hakuna. Ikimaliza maneno yake inakata."

Mzee alivuta pumzi. Fundi alisikia saa ya jikoni kwa dada yake ikigonga taratibu.

"Hata siku ile niliyokwambia naogopa?" baba yake akauliza.

Fundi hakuijua siku ile. Ilikuwa mojawapo ya siku ambazo alikuwa amehesabiwa yupo.

"Sikusikia, baba."

"Mimi nilidhani umesikia," mzee alisema, "ukakosa la kusema. Nikasema moyoni, nisimlaumu mtoto, hata mimi ningekosa."

"Baba, nisamehe."

"Haya," baba yake akasema. "Siku njema." Na akakata.

Fundi alikaa sakafuni, mgongo kwenye sofa. Aliona aibu mpaka ikawa kama homa, akajifunika uso kwa shati lililokuwa mapajani, shati la kazini, bado lina joto. Dada yake hakupiga tena. Ujumbe mmoja tu ulikuja jioni: *Dawa kaweka. Hataki kuongea.*

Jumatatu kwenye kikao hakusubiri zamu yake. Aliifungua ile hoja kwenye ubao, mbele ya wote, na maneno yake mwenyewe yakatokea pale juu kwa herufi kubwa: *Wagonjwa wetu hawasafiri.* Kuna aliyecheka, akikumbuka utani wa mwezini.

"Msicheke," Fundi alisema. "Yuko aliyesafiri. Ni baba yangu. Kikumbusho chetu kimekuwa kikimwamsha saa sita ya usiku, akajiumiza. Nikajua, nikakificha, nikahamisha saa kwa mkono ili nisije hapa kusema nilikosea. Jana kule wamesogeza saa na ikaharibika tena. Dada huyu aliniambia mara mbili." Akamgeukia Bibi Kasoro. "Nilikucheka mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu. Na lile jina nililokupa, kuanzia leo asiwepo wa kukuita."

Bibi Kasoro alikuwa anaangalia daftari lake. Naye aliona aibu, kwa sababu hakuna anayependa kumwona mtu akivuliwa nguo, hata akijivua mwenyewe.

"Jina nimeshalizoea," akasema. "Tufanye kazi."

Wakakaa pamoja asubuhi nzima. Fundi alisoma, Bibi Kasoro akaandika: kila mgonjwa na mji wake. Waliwapigia wagonjwa mmoja mmoja kuuliza wako wapi, na ikaonekana wengi hawakuwa walikodhaniwa. Kuna bibi aliyekuwa kwa wajukuu zake nchi ya pili, kuna dereva wa malori aliyecheka akasema, leo uniandike wapi sasa. Mwisho wakafika kwa yule mgonjwa wa kwanza.

"Huyu baba yako," Bibi Kasoro akasema. "Nimwandikie mji gani?"

Fundi aliutaja mji, naye akauandika, na zile saa saba zikafutika. Kisha Fundi akasema, "Sasa kizime. Kisipige."

"Na dawa yake?"

"Nitampigia mimi."

Bibi Kasoro alitafuta kasoro, ndiyo kazi yake. "Kila siku? Asubuhi na jioni yao? Jioni yao wewe umelala."

"Nitaamka."

"Utasahau siku moja."

"Siku hiyo atajua nimesahau mimi."

Hakubishana. Alikizima.

Saa saba mchana, saa moja asubuhi ya kule, wenzake waliteremka kula. Fundi alikwenda kwenye korido, pale pale alipofokewa na dada yake, akapiga. Simu iliita mpaka karibu ikatike. Kisha ikapokelewa, na hakuna aliyesema halo.

"Shikamoo, baba," akasema.

Kimya.

Alikijua kile kimya. Alikuwa amekipima mwenyewe, kwa sauti ya baba yake mwenyewe, akajua marahaba inachukua muda gani na hujambo inachukua muda gani. Muda wa marahaba ukapita. Muda wa hujambo ukapita. Mashine hapo ingesema sijambo na kuendelea na dawa. Alielewa kwamba mzee yuko upande wa pili anangoja kuona kama itaendelea.

Fundi hakuendelea. Chini mashine za kuchapisha zilikuwa zimezimwa kwa ajili ya chakula, na korido ilikuwa kimya kiasi kwamba alisikia pumzi za baba yake. Mwenzake mmoja alipita na sahani, akamwona analia, akageuza njia.

"Bado upo?" baba yake akauliza hatimaye.

"Nipo, baba."

Marahaba hakuitoa. Lakini Fundi alisikia kiti kikivutwa jikoni kwa dada yake, na mzee akikaa.